Wasifu wa Marehemu Bibi

Misibani Rangwi, kama misibani kwingine Tanzania, ifikapo saa fulani mtu husimama na karatasi mkononi, na minong'ono hukoma. Ni saa ya wasifu wa marehemu. Msomaji, aghalabu mjukuu aliyefika mbali kimasomo au mzee wa jumuiya, huanza na mwaka wa kuzaliwa, akapita kwenye ubatizo, kipaimara na ndoa, akataja ugonjwa na hospitali, kisha akafunga kwa hesabu: ameacha watoto kadhaa, wajukuu kadhaa, vitukuu kadhaa. Ikiwa marehemu alikuwa mwalimu, diwani au karani, katikati ya karatasi hukaa aya nene ya vyeo na vituo vya kazi. Ikiwa ni bibi wa miaka themanini na ushei ambaye hakuajiriwa hata siku moja, aya hiyo husinyaa ikawa sentensi moja: alikuwa mama wa nyumbani na mkulima.

Dakika nne hazijaisha, karatasi imeshakunjwa.

Ndani ya sentensi ile limelala swali la dini na la falsafa kwa pamoja. Mtu aliyeishi miaka mingi akikihudumia kijiji bila cheo, ametuachia deni gani sisi tuliobaki? Kwa mwenye imani swali linazidi ugumu. Ikiwa Mungu hasahau, kumbukumbu ya binadamu inaongeza nini? Anayejua yote ameshajua idadi ya ndoo za maji alizopeleka kwa jirani mgonjwa. Sisi tunaandika wasifu wa nini?

Rangwi ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hili. Iko Usambara Magharibi, wilayani Lushoto, kando ya njia ya watembea milimani wanaotoka Lushoto kuelekea Mtae. Wageni wengi hulala kwenye nyumba ya Masista wa Mama Yetu wa Usambara, wakaamka na baridi na ukungu, wakakuta mabonde yamepangwa kabichi, viazi, karoti na njegere. Mboga hizo hushuka kwa malori hadi Dar es Salaam. Katika milima hii Wakristo na Waislamu huzikana, na si ajabu ukoo mmoja kuwa na watu wa kanisani na watu wa msikitini. Ina maana kwamba bibi mmoja anaweza kusaliwa Misa na wajukuu hawa na kuombewa dua na wajukuu wale.

Tumchukue mwanamke aliyezaliwa hapa mwaka 1935. Hatumpi jina, kwa sababu ni wengi, na kila msomaji mwenye asili ya milima hii anaye wake. Tufuatane naye tu kwa kalenda ya mambo yanayojulikana.

Akiwa msichana, serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuokoa ardhi, kwanza bonde la Mlalo, kisha kwingine Usambara. Mvua za milimani zilikuwa zikikokota udongo mteremkoni, hilo halikuwa na ubishi. Dawa iliyoamriwa ilikuwa matuta, yaani kuinua udongo kwa jembe kukata mteremko, shamba hadi shamba, na asiyelima matuta alikabiliwa na adhabu. Wanaume wengi walikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe, Muheza na Tanga, wakitafuta fedha za kodi. Kwa hiyo jembe la matuta lilikaa mikononi mwa wanawake, juu ya kazi zote walizokuwa nazo. Watu walilichukia agizo lile, wake kwa waume. Walihofia nguvu zao, na walihofia pia kwamba ardhi inayosimamiwa namna ile na serikali mwishowe itachukuliwa na serikali. TANU ilipopanda milimani ilikuta moto umeshawaka. Mwaka 1957 matuta ya lazima yakaachwa. Bibi wetu alikuwa na miaka 22.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa Usambara miaka mingi na kuandika *Peasant Intellectuals* mwaka 1990, alionyesha kwamba watu wa milima hii walipima kila utawala kwa maneno mawili ya Kishambaa. *Kuzifya shi* ni kuitengeneza nchi, kuiponya. *Kubana shi* ni kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu, kama Kimweri ye Nyumbai, alisifiwa kwa kuiponya nchi: mvua inyeshe kwa wakati, njaa ikae mbali. Wafalme wakigombana nchi inaharibika. Falsafa hiyo haitengi siasa, dini na shamba. Mvua, haki na chakula ni jambo moja, na mtu hupimwa kwa upande anaouvutia.

Maneno hayo yalizoea kusemwa juu ya watawala. Abdallah bin Hemedi bin Ali al-Ajjemy alipoandika *Habari za Wakilindi*, moja ya vitabu vikubwa vya historia katika Kiswahili, aliwafuata wafalme wa Washambaa huko Vuga kuanzia Mbegha, mwindaji aliyeingia milimani akigawa nyama na kupokewa na wenyeji. Simba aliyeuawa na Mbegha anasimuliwa hadi leo. Unga wa nyumba zilizompokea, na mikono iliyousaga, hausimuliwi. Hata hivyo neno likishakuwapo katika lugha halimilikiwi tena na mfalme. Ikiwa kuitengeneza nchi ni kuzuia udongo usiondoke, watoto wasife na njaa isiingie, basi aliyeamka alfajiri miaka sitini kufanya hayo ameifanya kazi ile ile aliyosifiwa nayo Kimweri. Hapo ndipo mizani ya Washambaa inapoishinda karatasi ya wasifu.

Turudi kwenye kalenda. Uhuru ulimkuta ana miaka 26. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na nafasi ya mzee wa mtaa ikaanza kushikwa na balozi wa nyumba kumi. Mwaka 1972 ilianzishwa WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania, na kwa mama wa parokia ya mlimani, vitenge vya sare na mikutano ya kigango vilikuwa na maana kubwa kuliko ile wanayodhani wanaoviona kwa mbali. Ilikuwa mahali pa mwanamke aliyeolewa kujifunza kuongoza kikao, kushika daftari la fedha na kusimama mbele ya watu akisema jambo lake hadi mwisho. Mwaka uliofuata, 1973, redio ilianza kampeni ya *Mtu ni Afya*. Kwa wiki kumi na mbili vikundi vilikusanyika kuzunguka redio nchi nzima, watu takriban milioni mbili, wakasikiliza habari za malaria, kuhara na minyoo, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Ripoti za kampeni zina hesabu za vikundi na vyoo. Hazina jina la mama aliyempitia jirani mlango kwa mlango kumkumbusha kwamba saa ya redio imefika, akambebea na mtoto ili aweze kuja.

Na mwaka 1981, akiwa na miaka 46, ukafika Lushoto mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto ulioitwa SECAP, kwa ushirikiano na Wajerumani. Ukataka tena mteremko ukatwe kwa mistari, safari hii kwa kupanda majani ya malisho na miti badala ya kuinua matuta. Wanawake wengi waliyapanda, kwa kuwa majani yale yalizuia udongo na kumlisha ng'ombe aliyefungwa bandani kwa wakati mmoja. Ukitembea leo katika milima hii utaiona mistari hiyo, mingine imeungana na ardhi kiasi kwamba mtoto hadhani iliwahi kupandwa na mtu.

Mambo hayo mawili ni lazima yakae pamoja katika wasifu wa mtu mmoja. Msichana aliyeyakataa matuta na mama aliyepanda majani ni mtu yule yule, na hakugeuka. Amri ilipomharibia nchi alikataa, na shauri lilipomsaidia kuitengeneza alikubali. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, Upareni, wanawake wa Usangi waliandamana katika miaka ya 1940 kupinga kodi ya mbiru, nao walikuwa mama wa nyumbani. Wasifu zetu hupenda neno mvumilivu. Bibi alikuwa mvumilivu, mnyenyekevu, mcheshi kwa watoto. Maneno hayo yanaweza kuwa kweli tupu na bado yakamzika mara ya pili, kwa sababu yanasema jinsi alivyotupendeza na yanaacha kusema alichoamua. Mtu mwenye moyo wa uraia haonekani katika utii peke yake. Alisema hapana mara ngapi, na kwa nani? Swali hilo ni nadra kusikika kwenye kikao cha ukoo kinachoandaa wasifu, na linafaa liulizwe kwanza, wakati rika la marehemu bado lina watu wawili watatu wa kujibu.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya tisa, kina msiba mmoja ambao kila anayeandika wasifu angeufikiria. Huko Yafa alifariki mwanamke aitwaye Tabitha, kwa Kigiriki Dorkasi, jina lenye maana ya paa. Petro alipopandishwa kwenye chumba cha juu alikuta wajane wanalia. Hawakumtolea hotuba. Walimwonyesha kanzu na nguo ambazo marehemu aliwashonea alipokuwa nao. Fikiria kitendo hicho kwa karibu: mjane anashika pindo la vazi alilolivaa na kulinyoosha mbele ya mgeni, tazama, mshono huu ni wake. Kumbukumbu hapo ni ushahidi uliovaliwa. Inamtaja mtu kwa kitenzi na kitu: alishona, hiki hapa.

Anayeamini huenda akauliza kwa haki, je, si Yesu aliyefundisha kwamba mkono wa kushoto usijue unachotoa mkono wa kulia? Bibi aliyefunga kibaba cha maharage kwenye upindo wa kanga na kukifikisha kwa jirani usiku alikuwa na sababu ya kuchagua usiku. Kumtangaza kaburini si kumvunjia siri yake? Pingamizi hili si dogo. Katika Uislamu pia sadaka ya siri ina daraja la juu, ingawa Kurani, katika sura ya pili, inasema hata ya wazi ni njema.

Jibu linaanza tukiuliza ni nani aliyeamriwa kunyamaza. Aliyeamriwa ni mtoaji. Kwa mpokeaji amri ni nyingine kabisa, ni ya kushukuru. Wale wakoma kumi wa Injili ya Luka waliponywa wote, mmoja akarudi kushukuru, na swali lililoulizwa lilikuwa juu ya wale tisa. Siri ni sitara ya mtoaji, si kisingizio cha aliyepewa. Aliyelishwa akinyamaza na kuuita ukimya wake unyenyekevu wa marehemu, amejilipia deni kwa fedha ya mwenziwe. Bado busara inahitajika, maana zipo siri zinazomgusa mtu wa tatu. Jirani aliyelishwa usiku naye ana heshima yake, na watoto wake wapo pale msibani. Anayepaswa kuisema habari ile ni jirani mwenyewe, kwa hiari yake, au isisemwe.

John Mbiti, padre wa Kianglikana kutoka Kitui, aliiweka kumbukumbu ya wafu katikati ya kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, na kwa bahati njema alichukua maneno mawili ya Kiswahili kuieleza: Sasa na Zamani. Aliyekufa, alisema, haondoki mara moja kwenye Sasa. Maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, yeye ni mfu aliye hai, bado mtu wa nyumbani. Akifa wa mwisho aliyemjua kwa jina, ndipo anapozama katika Zamani. Wengi wamembishia Mbiti, hasa juu ya dai lake kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao mrefu, na wana hoja. Lakini juu ya jina alikuwa na jicho kali. Mkristo wa Rangwi anayepeleka jina la bibi yake lisomwe kwenye Misa ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, anafanya jambo ambalo babu yake wa kabla ya mapadre angelielewa bila kufafanuliwa.

Mbiti hasaidii pale swali letu linapouma, na huenda hakukusudia. Mstari wa majani mteremkoni utadumu kuliko mtu yeyote aliyemjua aliyeupanda. Kazi itabaki katika Sasa ikilisha watu, na jina litakuwa limeshazama. Waislamu wana neno kwa kazi ya namna hiyo, sadaka yenye kuendelea: kisima, mti, elimu iliyofundishwa, ambavyo thawabu yake humfuata mtu kaburini hata waliokunywa maji wasipojua ni nani aliyechimba. Kwa hesabu ya Mungu, basi, jina si sharti. Lile swali la mwanzo linarudi na nguvu zake zote.

Labda tumelielekeza vibaya tulipodhani kwamba kumbukumbu ni kwa faida ya Mungu au ya marehemu. Tazama jinsi dunia inavyohesabu kazi. Katika kanuni za kimataifa za hesabu za taifa, zilizorekebishwa mwaka 1993, mwanamke anayeteka maji na kuokota kuni kwa ajili ya nyumba yake anaweza kuhesabiwa kuwa amezalisha. Akishaziwasha kuni zile na kuchemsha maji yale ampikie mgonjwa, hahesabiwi tena. Marilyn Waring wa New Zealand aliandika kitabu kizima juu ya upofu wa namna hii mwaka 1988. Mpaka umepita katikati ya jiko. Mjukuu anayeandika "mama wa nyumbani" akaweka nukta ameurithi mpaka huo bila kuuliza, na siku atakapokuwa diwani au mhasibu wa halmashauri atapanga bajeti kwa macho hayo hayo. Mhitaji wa kwanza wa wasifu wa kweli ni yeye mwenyewe. Marehemu ameshafika mahali ambapo hakuna kinachopotea. Mjukuu bado yuko mahali ambapo vitu hupotea kila siku, pamoja na uwezo wa kuviona.

Wapo waliojaribu kuona. Shaaban Robert, mtoto wa Tanga, alimwandikia Siti binti Saad wasifu ambao bado unasomwa, na hakuficha kwamba mwimbaji yule mkuu alianza kwa kuuza vyungu vya mama yake. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa simulizi za maisha ya wanawake watatu wa Mombasa kama walivyozisimulia wenyewe, na miaka miwili baadaye zikatoka kwa Kiswahili. Humo mna arusi, ngoma, mahari, ugomvi wa mawifi, vyama vya lelemama na ushindani wake, na ukifunga kitabu unajua mji wa Mombasa ulivyosimama. Kinachowezekana Mombasa kinawezekana mlimani. Kinahitaji daftari, simu yenye kinasa sauti, na mjukuu mwenye subira ya kukaa jikoni jioni tatu, akiuliza habari za mwaka wa matuta bila kumkatiza bibi anapokwenda kando.

Kitabu cha Mithali kinapomaliza kumsifu yule mke hodari katika sura yake ya mwisho, kinataka kazi zake zimsifu malangoni. Lango la mji wa kale lilikuwa baraza, wazee waliketi hapo kuamua kesi na kupanga mambo ya umma. Sufu, kitani, taa isiyozimika usiku, chakula kabla ya alfajiri, vyote hivyo vya ndani ya nyumba vipelekwe mbele ya baraza, vikae mezani pamoja na kesi za ardhi. Aliyeandika hivyo hakuona kwamba jiko na lango ni nchi mbili.

Rangwi, wakati karatasi inasomwa mbele ya viti vya plastiki chini ya turubai, wanawake wa rika la marehemu mara nyingi hawapo kwenye viti. Wako nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, kwa kuwa watu mia mbili watakula baada ya maziko. Sauti ya msomaji inawafikia vipande vipande, ikizibwa na moshi na mlio wa mwiko. Masufuria makubwa wanayopikia ni ya kikundi. Ubavuni yana herufi za rangi nyekundu, zilizopakwa kwa mkono, ili yasichanganyike na ya kigango cha pili. Yalinunuliwa kwa michango ya miaka mingi, na kila harusi, kila kipaimara na kila msiba wa mlima huu umepikiwa humo. Kila kikundi kina mama mmoja anayeyatunza nyumbani kwake, akiandika yametoka mangapi na yamerudi mangapi, akimfuata kwa upole aliyechelewesha mfuniko. Safari hii mama huyo ndiye anayezikwa.

Jioni, wageni wakishashuka, wanawake wanayasugua kwa majivu na mchanga hadi yang'ae, wanayapanga kwa ukubwa, moja ndani ya jingine. Mmoja anayahesabu kwa sauti. Mwingine analifunua daftari la marehemu, anatafuta ukurasa, anaomba kalamu. Kisha wanatazamana, na mkubwa wao anauliza usiku huu yatalala kwa nani.